Betri Chini ya Kiti cha Mama Mdogo

Mtoto wa kaka amenunua BMW iliyotumika. Juzi kanipigia simu kwa mshangao: kafungua boneti, betri haipo, na gari linawaka. Nikamwambia afungue buti, ainue kifuniko cha upande wa kulia. Akacheka alipoiona, halafu akaja na lake: "Shangazi, kumbe inawezekana! Basi ile ya Corolla naihamisha mwenyewe Jumamosi. Si kurefusha waya tu?"

Nilimwambia asiguse kitu mpaka tuonane. Tangu hapo ninaiwaza balbu ya indiketa ikiwaka kwenye sakafu ya Land Rover, uani kwetu Tanga, mwaka 1998.

Lilikuwa gari la Ba'mdogo, Land Rover 109, ile ndefu. Mvua za El Niño zilikuwa zimepita, barabara ya kupanda Lushoto kutoka Mombo imechakaa, na injini ya petroli imechoka. Akafunga injini ya dizeli ya Kijapani. Ilikaa vizuri, ila eksozi yake ikaangukia ubavuni mwa betri. Kila tukifungua boneti tunakuta maji ya betri yamepungua, harufu ya mayai viza imetanda, na plastiki ya upande ule imeanza kuvimba. Akaweka kipande cha bati katikati kuzuia joto. Maji yakaendelea kupungua. Ndipo akasema betri ihame.

Pa kuhamia palikuwepo. Chini ya kiti cha dereva lilikuwa tangi la mafuta, na chini ya kiti cha kushoto sanduku la spana. Hata Defender zilizokuja baadaye hubeba betri chini ya kiti, kwa hiyo hakuwa anabuni jambo la ajabu. Lakini kiti kile kilikuwa cha Mama Mdogo, yeye na mizigo yake ya dagaa wakipanda, kabichi na karoti wakishuka. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Yaani mimi nikalie tindikali?"

Ba'mdogo hakubishana. Aliichukua ile hoja kama orodha ya kazi. Tindikali isimwagike: akakata dumu la plastiki likawa sinia la kuikalia betri. Betri isirukeruke, maana betri ya saizi ile, N70, ina karibu kilo 18 na kona za Lushoto hazina huruma: akaifunga kwa ukanda wa chuma na boliti mbili hadi kwenye fremu, bati la sanduku peke yake hakuliamini. Hewa itoke: betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche ndogo inaiwasha. Haidrojeni ni nyepesi, hupanda, hivyo alitoboa njia ya kutokea kwenye ukingo wa juu wa sanduku, akaunganisha bomba la mpira mpaka nje ya bodi, na chini akaacha matundu ya kuingizia hewa safi. Kisha akapima nafasi kati ya vichwa vya betri na mfuniko wa alumini. Mtu akikaa, mfuniko unabonyea. Ukigusa kichwa cha chanya, umeme wote unapita kwenye kiti. Akabandika ubao mwembamba kwa ndani, na juu ya chanya akafunga mpira mnene wa tyubu ya lori.

Kebo aliinunua kwa wachomeleaji, ya milimita za mraba 50. Fundi mmoja wa jirani alimwambia anapoteza pesa, ile ya zamani iungwe tu. Nilimsikia Ba'mdogo akimwelewesha, na nilipokuja kujifunza hesabu zake nikakuta yuko sahihi. Stata ya dizeli, mota ya kuwashia injini, ikivuta amperi 300, mita 2 za kebo ya 50 zinapoteza kama volti 0.2. Kebo ya 16 inapoteza zaidi ya mara tatu ya hapo, na kinachopotea kinageuka joto ndani ya kebo yenyewe. Ukirefusha, nenepesha.

Mkono wangu ndio uliokuwa mwembamba, kwa hiyo kuipitisha kebo ikawa kazi yangu. Kila tundu lilipigwa tupa kwanza, likavishwa mpira. Ikapita chini ya sakafu, mbali na eksozi na mabomba ya breki, mpaka kwenye stata. Athi, yaani kebo ya hasi inayoshika mwili wa gari, tuliifupisha: kutoka betri hadi chasisi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kikang'aa, na nyingine kutoka chasisi hadi kwenye injini. Tukafunga chanya. Ikabaki hasi.

Hasi ndiyo hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, kwa sababu bodi nzima ya gari ni hasi. Spana ikiteleza toka kwenye chanya ikagusa bodi wakati hasi imefungwa, imekula shoti. Mimi tayari nilikuwa nimeishika ile athi, naipeleka kwenye kichwa chake, kazi iishe tukale.

"Ngoja, mwanangu."

Akatoa mfukoni balbu ya indiketa, ya wati 21, iliyounganishwa nyaya mbili fupi. Waya mmoja akaugusisha kichwa cha hasi, mwingine akanipa niugusishe kwenye kebo ya athi niliyoishika. Ufunguo ulikuwa nje, taa zimezimwa, hakuna redio wala saa kwenye gari lile. Hapakuwa na kitu cha kuvuta umeme.

Balbu ikawaka. Haikuwaka kwa kufifia. Iliwaka nyeupe, kwa nguvu zake zote, kama imefungwa moja kwa moja kwenye betri. Na kweli ilikuwa hivyo, maana mahali fulani chanya ilikuwa imegusa bodi. Niliitazama, nikamtazama. Hakushtuka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hiyo balbu inaruhusu chini ya amperi 2 tu, ndiyo maana bado tuna muda wa kuzungumza. Ningefunga ile athi bila balbu, zingepita amperi mamia, na tangi la mafuta lilikuwa upande wa pili wa kiti.

Akanituma chini ya gari. "Ishike kebo, anza kwenye sanduku, itikise kidogo kidogo. Mimi naangalia taa." Nikalala chali kwenye kipande cha boksi, vumbi linaniingia machoni, nikasogea shubiri moja baada ya nyingine. "Inawaka... inawaka... bado inawaka..." Yale maneno nayasikia mpaka leo. Nilipofika karibu na giaboksi nikaivuta kebo kuelekea kwangu, akasema, "Imezima." Nikaiachia. "Imewaka." Nikaivuta tena. "Imezima. Hapo hapo, usiondoe mkono."

Ilikuwa skrubu ya zamani ya kushikia sakafu. Ncha yake ilitokeza kwa chini, ikajichimbia kwenye mpira wa kebo tulipokuwa tunaikaza. Kwa macho usingeiona. Mikono yangu ilipita pale mara kadhaa nisihisi kitu.

Tukaikata ncha, tukabadilisha njia, tukaivisha kebo yote mpira wa bomba la maji. Balbu ikarudi pale pale. Giza. Akaniachia nifunge hasi mwenyewe, na gari likawaka kwa mguso mmoja wa stata.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Fyuzi kubwa ya kufunga karibu na betri hakuipata. Aliweka swichi kuu ya kukata umeme, na Mama Mdogo akasema hapandi mpaka ikae karibu na goti lake yeye, si la dereva. Akafundishwa kuizima, akaijaribu mwenyewe, ndipo akapanda. Swichi inahitaji mtu aliye macho. Fyuzi haihitaji mtu. Corolla ya huyu kijana haitahamishwa betri bila fyuzi, shubiri moja tu kutoka kwenye chanya, hata Jumamosi ipite. Lakini siwezi kusema Ba'mdogo alikosea. Alilipeleka gari lile Lushoto miaka mingi, na kiti hakikuwahi kupata hata joto.

Aliliuza baadaye. Siku ya kukabidhi nilikuwepo, nikamwona akimwonyesha mnunuzi swichi, kebo na ule ukanda wa chuma. Bomba la hewa sikumbuki alilitaja. Lilitokeza pembeni ya bodi, dogo, limejaa matope, na mtu asiyejua kazi yake angeweza kuliziba akidhani amelifanyia gari hisani.