Daftari la kijani

Leo nimelifungua lile daftari lenye jalada la kijani, ambalo msaidizi anayetutunzia mama huandikia mambo ya kila siku, nikazisoma kurasa za mwezi mzima bila kuinuka kitini. Hamna sifa ndani yake wala malalamiko. Kuna saa, na mbele ya kila saa kuna maneno machache: amekunywa nusu glasi ya maji, amekataa kuoga, amelala dakika 40, ameuliza habari za mama yake mara sita. Nilipoanza kumwachia mama asubuhi ili niende kazini, niliuona uandishi huo kuwa ni kujisumbua bure, kwa kuwa niliamini kwamba mimi niliyezaliwa naye sihitaji daftari ili nimjue.

Mama anaugua Alzheimer, ugonjwa ambao, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huenda ukawa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya demensia yote, yaani hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Daktari alitueleza kwamba kwa kawaida huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, na ndiyo maana mama aliweza kusimulia safari ya utotoni hatua kwa hatua, ilhali mlo aliotoka kuumaliza hakuujua tena. Maelezo hayo niliyaelewa siku ileile. Kuyazoea nyumbani kulinichukua karibu miaka miwili.

Nianze na swali lile la mara sita. Bibi alifariki zamani sana, na siku mama alipoanza kuuliza amekwenda wapi, nilimjibu kweli tupu: "Mama, bibi alishafariki." Alilia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba saa hiyo, na kwake ilikuwa ni saa hiyo hasa. Baada ya robo saa akauliza tena, nami, kwa ukaidi ninaoona haya kuuandika, nikamjibu vilevile, akalia vilevile. Nilijiambia kwamba sitaki kumdanganya mzazi wangu. Nadhani kwa kweli nilikuwa nikimtafuta yule mama wa zamani, ambaye ukimweleza jambo huelewa, hulipima na kukujibu, na kila jibu langu lilikuwa ni kumwita arudi. Msaidizi alipoulizwa swali hilohilo, aliweka kando nguo alizokuwa akikunja, akaketi karibu naye, akasema, "Mama, alikuwa akikuimbia wimbo gani?" Mama akafikiri kidogo, kisha akaanza kuimba. Hakuna uongo uliosemwa, na hakuna aliyelia.

Bafuni nako kulikuwa na vita vyake. Kwa majuma kadhaa mama alifika mlangoni akasimama, akashika fremu kwa mikono miwili, na hapakuwa na wa kumsogeza. Mimi nilisema ameanza ukaidi. Msaidizi hakusema kitu. Alikwenda akasimama pale pale aliposimama mama, akatazama chini, kisha akainama na kuliondoa zulia dogo jeusi lililokuwa juu ya vigae vyeupe. Kesho yake mama aliingia. Ugonjwa huu huweza kuvuruga namna ubongo unavyosoma kina na rangi, hata kitu cheusi sakafuni kikaonekana kuwa ni shimo, na mtu mwenye akili timamu hakanyagi shimo. Tangu hapo huogeshwa akiwa amefunikwa taulo mabegani, maji yakianzia miguuni, na kitambaa hukabidhiwa yeye mwenyewe ili ajioshe uso. Nimewahi kuchungulia nikaona mikono yake ikikikamua kitambaa, ikikikunja mara mbili na kupitisha kona yake nyuma ya sikio, kama alivyokuwa akinifanyia mimi. Jina langu limempotea, lakini kona ile ya kitambaa bado anaijua.

Lililonifanya niliheshimu daftari lilitokea miezi michache iliyopita. Mama alibadilika ghafla: mchana alisinzia akiwa ameketi, usiku alizungumza na watu wasiokuwapo, na mara moja alinisukuma nilipotaka kumfunika. Niliwapigia simu ndugu zangu nikawaambia kwamba ugonjwa umeingia hatua nyingine na kwamba tujiandae. Asubuhi msaidizi akaniwekea daftari mbele yangu, akaweka kidole kwenye ukurasa. "Dada, ugonjwa wake huenda polepole. Haya yameanza juzi." Maji aliyokunywa yalikuwa yamepungua kwa siku tatu mfululizo, na safari za chooni zilikuwa zimeongezeka maradufu. Tulimpeleka kupimwa, akakutwa na maambukizi katika njia ya mkojo. Daktari alisema kwamba kwa mzee mwenye demensia maambukizi ya namna hiyo huweza kuleta mchafuko wa akili wa ghafla, hata bila homa kubwa, na kwamba mabadiliko ya saa au siku chache hayafai kamwe kuhesabiwa kuwa ni ugonjwa uleule unaoendelea. Akaniuliza pia dawa nyingine anazotumia. Nikataja vidonge vya mafua nilivyomnunulia mwenyewe, vile vinavyoleta usingizi, naye akanitaka niviache, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ya ubongo ambayo Alzheimer tayari imeipunguza. Baada ya antibayotiki mama alirudi karibu na alipokuwa, ingawa si kote.

Nikiwa na daftari hilo mapajani nimemkumbuka Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 ambaye mwaka 1901, huko Frankfurt, daktari Alois Alzheimer aliketi naye akimuuliza maswali na kuandika majibu yake. Alipoulizwa jina lake alijibu Auguste. Alipoulizwa jina la mumewe alijibu Auguste. Alzheimer hakumbishia, aliandika. Ubongo wake aliuchunguza baada ya kifo chake mwaka 1906, lakini miaka mitano kabla ya hadubini kulikuwa na karatasi na mtu mwenye subira ya kusikiliza.

Watu husema msaidizi wetu "anakaa na mgonjwa", kana kwamba kazi yenyewe ni kukaa. Nami nilikuwa miongoni mwao, hata nikathubutu kumwomba aache siku yake ya mapumziko mara tatu katika mwezi mmoja, mpaka nilipomkuta jikoni amesimama macho yakiwa yamefumba. Sasa siku hiyo haiguswi. Mama humwita yeye "mwanangu", na mimi huniita "dada", na sitaficha kwamba wivu ulinichoma kwa muda mrefu. Yeye hakumjua mama alipokuwa mwalimu mkali mwenye jibu kwa kila jambo, kwa hiyo hana mtu wa kumlinganisha naye. Huyu aliyepo ndiye mama pekee anayemfahamu, na humtazama yeye tu. Mimi kila asubuhi huwatazama wawili, na yule asiyekuwapo mara nyingi hunizibia aliyepo.

Leo ni siku ya mapumziko ya msaidizi, na kalamu ninayo mimi. Jua likianza kuzama mama huingiwa na wasiwasi, huzunguka chumbani akigusa vitasa vya milango, na jioni hii haikuwa tofauti. Nimewasha taa mapema, nikafunga mapazia, nikamfuata hatua kwa hatua hadi alipochoka. Kisha nikaandika, kwa mwandiko unaopishana vibaya na ule wa juu yake: Saa 1:15 usiku. Ameuliza habari za mama yake mara mbili. Tumeimba. Ubeti wa pili sikuujua, amenifundisha.