Saio si jina la mtu

Leo asubuhi nilimsindikiza mama hadi soko la Nyawera kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kijana wa teksi alikuwa anaita abiria: "Saio! Saio! Wa Saio waingie!" Mpwa wangu, ambaye hajafikisha hata miaka kumi na miwili, akaniuliza huyo Saio alikuwa jenerali wa wapi. Kabla sijafungua kinywa, mama akasema bila kugeuza shingo: "Si mtu. Ni kule walikompiga babu yenu."

Hakuongeza neno mpaka tukashuka. Usiku huu nimekaa kuandika, kwa sababu mama ameshavuka miaka sabini na mitano, na katika ukoo wetu wote hakuna mwingine aliyebaki ambaye aliligusa jeraha lile kwa mkono wake.

Bukavu nzima, huku mashariki mwa Kongo, tunataja Camp Saio, kambi ya jeshi. Tunapeana miadi pale, tunamwelekeza motari, dereva wa pikipiki, pale. Saio yenyewe iko mbali sana na huku: ni mji wa milimani, magharibi mwa Ethiopia, na siku hizi unaitwa Dembi Dolo. Mwaka 1941 askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji waliotutawala, walitoka Kongo, wakapita Sudan, wakaingia huko kupigana na Waitalia. Mwezi wa Machi waliteka Asosa, kisha Gambela kwenye mto Baro, halafu wakakwama chini ya milima ya Saio. Mvua ilinyesha wiki baada ya wiki, malori yakazama kwenye tope, chakula kikawa hakifiki. Beriberi, ugonjwa wa lishe duni, na kuhara damu viliangusha wanaume waliokuwa wameponea risasi. Mwezi wa Julai jenerali wa Waitalia, Gazzera, akasalimu amri. Wakati huo Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Mei 1940. Vijana wetu walishinda vita ambavyo mabwana zao walikuwa wameshashindwa kwao, na mimi nilimaliza shule bila mwalimu hata mmoja kunieleza hayo.

Babu, baba yake mama, alikuwa mmoja wa askari hao, mtu wa Kabare, jirani na Bukavu. Kipande cha chuma cha kombora kiliingia kwenye nyonga ya kushoto, siku chache kabla ya mji kuanguka. Madaktari walitoa walichoweza kutoa, kilichobaki akarudi nacho Costermansville, kama Bukavu ilivyoitwa wakati ule. Alirudi pia na Kilingala cha jeshini, ambacho nyumbani hakukitumia isipokuwa homa ikimpanda. Hapo ndipo mama, mtoto wa miaka sita au saba, alipokuwa akimsikia gizani: "Kende liboso! Kende!" Yaani: nenda mbele, nenda! Asubuhi babu hakukumbuka kitu, naye bibi alikataza watoto wasimuulize.

Jeraha lile halikufunga. Lilikuwa linakauka miezi mitatu, minne, watu wanaanza kushukuru Mungu, kisha nyonga inavimba tena na usaha unatafuta njia. Bibi alichemsha maji na chumvi na majani ya mkaratusi, mama akashika beseni. Mpaka leo mama akipita penye mikaratusi baada ya mvua huharakisha mwendo. Nilikuwa nadhani ni baridi.

Mara nyingine kitambaa kilitoka na kijipande cha mfupa. Mama ananionyesha kwa kucha ya kidole chake kidogo: hivi tu, cheupe, chepesi, chenye matundu kama mkate. Babu alikiosha mwenyewe, akakikausha juani kwenye ukingo wa dirisha, akakitia ndani ya kisanduku cha kibiriti. Kisanduku kilikaa juu ya boriti, na hakuna aliyethubutu kukishusha. Mama alikitikisa mara moja tu, babu akiwa shambani, akasikia vinagongana. Anasema mlio ule ulikuwa kama wa meno ya mtoto. Alikirudisha haraka, akalia, bila kumwambia mtu kilichomliza.

Babu alifariki mwaka 1958. Homa ilianzia nyongani kama kawaida, safari hii ikapanda na haikushuka. Siku ya nne alikuwa hamjui bibi. Bibi alipokwisha kuzika akaenda kwenye ofisi moja na karatasi za jeshi za mumewe, kuuliza kama mjane wa vita ana haki yoyote. Karani akahesabu miaka kwa vidole mbele yake: kumi na saba. Akamwambia mtu aliyekufa kitandani, tena kwao, baada ya miaka kumi na saba, hakufa vitani.

Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Mimi naliona kaburi la babu limeanza kuchimbwa Saio mwaka 1941. Kombora moja, mtu mmoja, na muda wote wa katikati ni muda wa kufa, hata kama ndani yake alilima mihogo, akazaa watoto watano, akacheka kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, na wenzake. Kambi imepewa jina la mahali alipopigwa. Jina lake yeye nimelikuta sehemu moja tu, kwa penseli, nyuma ya Biblia ya bibi.

Jioni, tukichambua sambaza, nilimuuliza mama kile kisanduku kiliishia wapi. Nilikuwa na tamaa ya kukiona, nakiri. Akaendelea kuchambua kwanza, akatupa kando samaki wawili walioharibika. Kisha akasema bibi alikishusha mwenyewe siku ya maziko, kabla sanduku halijapigiliwa misumari. Alikifungua, akavihesabu vile vijipande kwa sauti ya chini, vikawa tisa. Akavifunga kwenye leso, akaviweka upande wa kushoto, pale pale penye nyonga.