Siku moja maishani mwangu: kusaga sakafu ya zege

Saa 1 asubuhi. Ghala Namanve, karibu na Kampala, sakafu inasagwa kabla ya kupakwa epoksi, rangi nzito inayokauka na kuwa ngumu. Naanza na disiki ya almasi: ina ufa? Imeandikwa kasi gani? Grainda, mashine ya mkononi ya kusagia, ya inchi 5 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Disiki ya kasi ndogo kuliko hiyo haifungwi. Jenereta hukaa nje, mbali na mlango, kwa sababu ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu.

Saa 1 na nusu. Barakoa yenye filta za P100, zinazozuia karibu vumbi lote laini, na ndevu zimenyolewa, maana vumbi hupenya kwenye nywele. Ziba filta kwa viganja, vuta pumzi: barakoa ivutike usoni na ibaki hivyo. Ikilegea, kaza mikanda upya.

Saa 2. Sasa kava la kukusanya vumbi. Brashi zake ziguse sakafu pande zote. Kifyonza vumbi kivute angalau lita 700 za hewa kwa dakika kwa kila inchi ya disiki, yaani 3,500 kwa inchi 5, tena kiwe na filta ya HEPA, inayonasa chembe ndogo sana. Cha nyumbani hakifai hata kidogo: chembe za silika, madini yaliyomo kwenye zege, zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho, nazo hupita kwenye filta yake na kurudi chumbani. Kifyonza huwashwa kabla ya grainda na huzimwa baada yake.

Saa 4. Vumbi linachungulia ukingoni mwa kava. Simamisha! Mara nyingi filta imeziba, bomba limejikunja, au fundi ameinamisha grainda ili isage haraka. Filta isigongwe sakafuni. Hupasuka, na vumbi lote linakurudia.

Saa 7. Kunawa uso na mikono, kisha posho, yaani ugali, na maharage.

Saa 8. Pembeni mwa ukuta kava la kawaida halifiki. Linahitajika lenye kipande cha mbele kinachofunguka. Kumwagia maji ili kutuliza vumbi, kwa grainda ya umeme isiyotengenezwa kwa kazi hiyo, ni kukaribisha shoti.

Saa 10. Ufagio mkavu hapana, kupuliza hewa kwa kompresa hapana. Kifyonza, halafu kitambaa kibichi. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, haina tiba, na huongeza hatari ya kifua kikuu. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, kwa hiyo vidai bila aibu.

Saa 11. Overoli husafishwa kwa kifyonza ikiwa bado mwilini, barakoa hutoka mwisho. Nguo hiyo haipandi boda kwenda kwa watoto. Hufungwa kwenye mfuko na kufuliwa peke yake.