Mkate wa kumimina mbele ya kamera: nilipofikia

Ninarekodi video ya shangazi akipika mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui. Sehemu ya kupindua sufuria imekamilika, na hiyo ndiyo niliyoitamani tangu mwanzo. Mkate wa kumimina wa shangazi, hapa Ngamiani, Tanga, huiva chini kwanza. Uso ukishajaa vitundu na kingo zikishika, shangazi huipindua sufuria juu ya makaa, mdomo chini, ili juu nako kupate rangi. Mkate haudondoki kwa kuwa umeng'ang'ania sufuria. Maelezo ya maandishi yatakwambia "pindua", basi. Lini hasa? Kwenye video unauona ule mng'aro wa unga mbichi ukififia, ukabaki ukavu, na hapo hapo mkono wa shangazi unakwenda kwenye sufuria.

Rika langu tunaununua mkate huu. Wanaoupika ni wachache. Mapishi tunajifunza kwenye simu, kwa hiyo mkate wetu nao lazima uwe humo.

Jiko tumelisogeza mlangoni, asubuhi, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha vitundu. Simu imesimama wima. Muziki sitaki. Ute wa yai unaotiwa kwenye mkate huu, unavyopigwa, una sauti yake, na sauti hiyo hubadilika povu likikaza.

Nilipomwonyesha shangazi kipande cha kwanza alisema, "Mwanangu, mbona kuumuka hukuonyesha? Watu watadhani unamimina tu." Ana haki. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui, hamira na iliki, kisha unaachwa uumuke. Tangu Oktoba 2024 YouTube Shorts, sehemu ya video fupi za YouTube, inapokea hadi dakika 3 badala ya sekunde 60, lakini hata hizo hazitoshi. Nimeamua: fupi iwe ya kupindua, ndefu iwe ya kazi nzima.

Nanyi mnaoniambia hakuna atakayetazama ndefu, mtazameni Li Ziqi, mtengeneza video wa Sichuan, China. Anaanzia shambani, maneno machache, na mwaka 2021 Guinness, wale wa rekodi za dunia, ilitambua chaneli yake kuwa yenye wafuatiliaji wengi kuliko zote za Kichina kwenye YouTube. Watu huvumilia kazi ya polepole mikono ikionekana vizuri.

Kinachofuata ni kukuna nazi kwa mbuzi na kukamua tui zito. Maandishi ya chini yatakuwa ya Kiswahili, na vipimo nitaanza na kikombe cha shangazi mwenyewe, gramu zifuate.