DLA ya mtoto ikikataliwa: andika usiku wako

Ukikataliwa DLA ya mtoto hapa Uingereza (Disability Living Allowance, fedha za serikali kwa mtoto mgonjwa au mlemavu anayehitaji uangalizi wa ziada), kabla hujampigia mtu simu, angalia tarehe iliyo juu ya barua. Mwezi mmoja wa kuomba uamuzi upitiwe upya unahesabiwa kuanzia hapo, si siku posta ilipokuletea. (Walioko Scotland wana mfumo wao, Child Disability Payment, hatua zake ni tofauti. Na kama viza yako inakukataza fedha za umma, muone kwanza mshauri wa uhamiaji, usijaze fomu yoyote.)

Mwanangu ana selimundu (sickle cell), ana miaka sita. Barua yetu ilisema mahitaji yake hayazidi sana ya watoto wa rika lake. Ilinichoma, lakini jibu lote limo humo. Hawapimi ugonjwa. Wanapima kazi unayoifanya wewe kumzidi mzazi wa mtoto mzima wa umri huo huo. Ripoti ya hospitali inathibitisha selimundu na penisilini ya kila siku, ila haisemi ni nani anaamka saa nane usiku.

Na sisi malezi yetu yanatuponza. Mtu akiuliza mtoto anaendeleaje, unajibu vizuri tu, tunamshukuru Mungu. Kumsema mwanao vibaya ni kama kumwombea mabaya. Tunaijaza fomu kwa adabu hiyo hiyo, na anayeisoma anatuamini.

Kwa hiyo mke wangu alianza kuandika kwenye daftari. "Saa tano: kumwamsha anywe maji. Saa nane: amekojoa, kubadilisha shuka na nguo haraka asipate baridi. Saa tisa na nusu: mguu unauma, dawa, kumkanda, dakika 40. Kumpima joto, kumpapasa tumbo kuangalia bandama." Usiku unahesabiwa ukiamka kumhudumia mara mbili au zaidi, au mara moja kwa dakika kama 20 au zaidi. Siku njema nazo ziandike. Selimundu huja na kuondoka, na kinachotazamwa ni hali ilivyo kwa sehemu kubwa ya muda. Ukiandika siku za maumivu tu, daktari atakayesoma atajua unatia chumvi.

Tuliomba uamuzi upitiwe upya, tukakataliwa tena. Wengi huachia hapo, na ni hasara, kwa sababu mpaka hapo waliokusoma ni wa idara ile ile. Baraza la rufaa ni watu wengine: jaji, daktari, na mtu anayeujua ulemavu kwa maisha yake au kazi yake. Una mwezi mwingine wa kukata rufaa, kwa fomu ya SSCS1 au mtandaoni, na hulipi kitu. Omba kusikilizwa ana kwa ana au kwa video, usiwaachie makaratasi peke yake. Mkalimani ni bure pia. Taja ni Kiswahili cha wapi: mama wa Bukavu akiletewa mkalimani wa Mombasa wataelewana, ila yale madogo madogo ya usiku yatapotea njiani.

Siku ya kusikilizwa, daktari wa baraza alimuuliza mke wangu anajuaje maumivu yanakuja. Akajibu bila kufikiri: macho yanakuwa ya manjano, anaacha kucheza, anajikunyata kwenye kochi na hataki kuguswa. Daktari aliandika muda mrefu.

Tulipata kiwango cha kati, kwa ajili ya usiku. Mchana walisema shuleni anajimudu, jambo ambalo mpaka leo sikubaliani nalo. Kwa 2025/26 kiwango hicho kilikuwa pauni 73.90 kwa wiki, na malimbikizo yanahesabiwa tangu ulipoomba. Pia kinakufungulia Carer's Allowance, yaani posho ya anayemtunza mgonjwa, kama unamhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki na kipato chako hakivuki kikomo, basi iombe mapema.

Ila kama tayari umepewa kiwango cha chini na unataka cha juu zaidi, pitia kwanza Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri wa bure. Baraza linaweza kukuondolea hata hicho ulicho nacho.