Nilivyoikagua Moteli Iliyotelekezwa Kando ya Barabara

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikilipita jengo lile bila kusimama. Ni moteli ya chini, isiyo na ghorofa, ambayo kila mlango wa chumba unatazama maegesho, ili msafiri aliyechoka aegeshe gari lake hatua chache tu kutoka kitandani. Jina lenyewe la moteli lilitokana na ujenzi wa namna hiyo: mwaka 1925 msanifu majengo Arthur Heineman alifungua nyumba ya kulala wageni wenye magari huko San Luis Obispo, California, akaliunganisha neno la Kiingereza "motor", yaani gari, na neno "hotel". Hii niliyoikagua mimi iliuawa na barabara. Barabara kuu mpya ilipopitishwa mbali nayo, magari yaliiacha ile ya zamani, na wageni wakaondoka na magari, kama ilivyozitokea moteli nyingi za barabara ya zamani ya Route 66 nchini Marekani baada ya sheria ya mwaka 1956 iliyoleta barabara kuu mpya, hadi njia hiyo ilipofutwa rasmi mwaka 1985.

Kabla ya yote nilitafuta ruhusa. Wengi hudhani jengo lililotelekezwa halina mwenyewe, ilhali kuingia bila idhini ni kosa hata kama mlango umeng'oka na madirisha hayana vioo. Nilimpata mmiliki kupitia kumbukumbu za ardhi. Ni mzee mkimya, na swali lake la kwanza lilikuwa ninataka kuchukua nini. Nilimjibu kwamba ninataka picha tu. Alinikabidhi ufunguo wa geti, kisha akaniambia jambo ambalo nisingeliona kwa macho yangu: "Nyuma ya chumba cha kufulia usikanyage, mwanangu. Mfuniko wa shimo la maji taka umeliwa na kutu, na majani yameufunika." Ningeingia kwa kuruka ukuta, huko ndiko ningeanzia, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli.

Nilikwenda na rafiki yangu mmoja, na mtu wa tatu aliyebaki nyumbani alijua saa tuliyopanga kutoka. Tulivaa buti za soli ngumu, tukabeba tochi mbili kila mmoja, na barakoa za kuchuja vumbi laini, kwa kuwa kitambaa cha kawaida hakifai kitu mahali kama pale. Popo walikuwa wamehamia darini, na kinyesi chao kikikauka huweza kubeba fangasi wa histoplasma, ambao mtu huwavuta pamoja na vumbi na kuugua mapafu. Vigae vya sakafu na vya dari katika majengo ya zamani navyo mara nyingi vina asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu, ambayo hatari yake huwa kubwa pale vinapovunjika na nyuzi zake kupeperuka. Kwa hiyo hatukufagia, hatukubomoa, wala hatukung'oa chochote.

Kilichonichukulia muda mwingi ni sakafu. Ilikuwa ya mbao iliyofunikwa zulia, na zulia huficha kila kitu. Nilijifunza kutembea karibu na kuta, mahali mbao zinapoegemea msingi, na kugonga mbele yangu kwa fimbo kabla ya kila hatua. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu; iliyooza humeza sauti. Katika vyumba ambavyo zulia lilikuwa limechanika, nilifuata mistari ya misumari, kwani chini yake ndipo mihimili inapopita.

Hata hivyo, chumba namba 9 kilinishinda. Bafu lake lilikuwa na vigae safi, vimekaa sawasawa, na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona pale ndipo salama kuliko kwingine kote. Sikugonga. Mguu wa kulia ulizama hadi kwenye ugoko, na rafiki yangu akanishika mkono kabla sijaangukia beseni. Maji ya bomba lililovuja yalikuwa yamezila mbao kwa miaka mingi, huku vigae vikibaki vimeshikana juu yake kama ganda la yai. Buti iliuokoa mguu, nikatoka na mchubuko tu. Baada ya hapo hatukuingia bafu lolote. Tuliyamulika kutoka mlangoni.

Tulimalizia mapokezi. Funguo zilikuwa bado zimening'inia kwenye ubao wake, kila moja na kibao chake cha plastiki, isipokuwa nafasi ya namba 11 iliyobaki na msumari mtupu. Kitabu cha wageni kilikuwa wazi juu ya kaunta. Kurasa za mwanzo zilijaa hadi pembezoni. Za mwishoni zilikuwa na majina mawili au matatu, yote kwa mwandiko mmoja wenye herufi zilizolalia kushoto, na baadhi ya mistari ikiwa na tarehe tu, bila jina la mgeni. Niliupiga picha ukurasa huo, nikakiacha kitabu kama nilivyokikuta.

Jioni nilimrudishia mzee ufunguo wa geti, nikamweleza habari za sakafu ya namba 9 na kumwonyesha picha. Alizipitia haraka haraka, mpaka alipofika ile ya kitabu. Aliisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda, kisha akasema kwamba mwandiko ule ni wake.