Siku Mjomba Alipotoka Kibandani

Mjomba wangu alikuwa fundi redio hapa Tanga, Ngamiani, barabara ya 12. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana, na juu ya kabati la vyombo ilikaa deki ya video ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Unyevu wa bahari hauelewani na mikanda. Ukiiacha miezi bila kuicheza inaota ukungu mweupe kama vumbi la unga. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni aliifungua deki, akalowesha pamba kwa spiriti na kufuta hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, polepole, sisi watoto tumeshajipanga mkekani.

Mkanda alioupenda kuliko yote ulikuwa wa Mission: Impossible, ile tamthilia ya majasusi ya runinga, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1973. Alipewa na baharia mmoja bandarini. Kiingereza hatukukijua, lakini kuna vipande virefu havina maneno kabisa: mikono inakata waya, inafungua tundu la hewa, saa inahesabu. Jim Phelps, kiongozi wao, anapanga, Willy anabeba mizigo, na Barney Collier, aliyeigizwa na Greg Morris, ndiye fundi wao. Mjomba alikuwa akisimamisha picha Barney akiwa kazini. "Mtazame, mjomba. Mtu mweusi huyo, na wote wanamsubiri yeye."

Sinema ya Mission: Impossible ya 1996 ilitufikia kwenye kibanda umiza cha Makorora. Kiingilio nililipa mimi. Alipomwona Ving Rhames, mwigizaji mweusi, na kompyuta zake alinigusa goti: "Mtoto wa Barney huyu!" Pale Tom Cruise anaponing'inia kwenye kamba, kimya, tone la jasho likitaka kudondoka, mjomba alishika pumzi. Ule ukimya tuliujua, ulikuwa wa mkanda wetu.

Kisha ikafichuka kwamba msaliti aliyewamaliza wenzake ni Jim Phelps. Mjomba akachukua kofia yake akatoka.

Nilimkuta kwa muuza kahawa. "Jim hawezi," akasema, na hakuongeza neno.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Greg Morris naye alitoka ukumbini kabla sinema haijaisha, na kwamba Peter Graves, Phelps wa runinga, alikataa kuigiza mle. Nililia, kwa sababu mjomba alikuwa ameshafariki na sikuwa na wa kumwambia.

Sisemi vipindi vya zamani visiguswe. The Fugitive ya runinga, hadithi ya daktari anayekimbia baada ya kusingiziwa kumuua mkewe huku akimtafuta mtu mwenye mkono mmoja, ilikuwa na vipindi 120, kuanzia 1963 hadi 1967. Mwaka 1993 wakaifanya sinema ya saa mbili na kidogo, na Tommy Lee Jones akapata Oscar kwa kumwigiza yule anayemsaka Harrison Ford. Mengi yamebadilishwa mle. Lakini daktari bado hana hatia, mwenye mkono mmoja bado yupo, na aliyekaa na hadithi ile miaka yote hakuambiwa kwamba alimpenda mtu mbaya. Kwenye Mission: Impossible karibu kundi zima liliuawa mapema na kiongozi wake akageuzwa muuaji, ili abaki shujaa mmoja. Waliojua kuupiga picha ule ukimya walijua pia thamani ya Jim. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Deki sasa ninayo mimi. Mpira wake umelegea na mkanda umeota ukungu. Fundi mmoja wa Chumbageni amesema mpira wa namna hiyo anao. Pamba na spiriti nimeshanunua.